Barua Iliyokosa Pumzi

Shirika la majengo lilikuwa na watumishi sitini na wawili, na wote walisalimiana, waligombana, waliposana na kusengenyana kwa Kiswahili. Lakini karatasi ikishawekwa mezani, kila mmoja aligeuka mgeni. Hata ombi la balbu ya chooni liliandikwa kwa Kiingereza. Aliyeomba hakukijua vizuri, aliyeombwa hakukijua vizuri, na balbu yenyewe haikujua lugha yoyote, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa tangu shirika lianzishwe. Aliyeuliza sababu aliambiwa asilete siasa kazini.

Mwenye kukijua, au aliyesadikiwa kwamba anakijua, alikuwa karani mkuu wa barua. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitabu cha mahudhurio tu. Watu walimwita Kadhalika. Aliyempa jina hilo ni mpiga chapa wa ofisini, mama mmoja mnene mwenye subira, ambaye kila alipodhani barua ya karani imefika mwisho, akainua mikono kutoka kwenye kompyuta na kunyoosha vidole, alikuta chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya kadhalika, na nyuma ya neno hilo nusu ukurasa mwingine. Alimpa jina kwa hasira. Mwenyewe alilipokea kama nishani. Simu ikiita, alijibu, "Kadhalika hapa," akijiweka sawa tai.

Kadhalika alikuwa na imani zake kuhusu uandishi, na hakuna aliyeweza kumbandua nazo. Imani ya kwanza ilihusu nukta. Nukta, alisema, ni ya mtu aliyeishiwa. Maskini husema neno moja akanyamaza, kwa kuwa hana la kuongeza. Mtu mzito hakatizwi, hata na yeye mwenyewe. Kwa hiyo sentensi yake ilianza asubuhi na, Mungu akijalia, ilikwisha karibu na chakula cha mchana. Koma alizimwaga kila aliposita kufikiri, na alisita mara nyingi. Nuktamkato aliipenda kuliko zote, akaiita alama ya waungwana, na aliiweka popote alipoona karatasi imekaa muda mrefu bila heshima.

Watumishi walimletea barua zao awapandishie. Ndilo neno walilotumia. "Mzee, nipandishie kidogo," mtu alisema, akimkabidhi karatasi yenye mistari miwili, na jioni alirudishiwa ikiwa na kurasa mbili. Hakuna aliyelalamika. Barua iliyopandishwa ilieleweka kwa shida, na ugumu huo ndio uliokuwa uthibitisho wa ubora wake. Mlinzi wa lango aliwahi kuomba kufuli jipya. Baada ya kupandishwa, barua yake ilisomeka kama ya mtu anayeacha kazi, na ilibidi aende kupiga magoti ofisi ya utumishi. Dereva mmoja aliomba ruhusa ya siku tatu akamzike baba mkwe wake, akajibiwa kwa barua ya pongezi. Dereva huyo aliibandika sebuleni, kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Sasa, nisije nikaonekana namwonea. Kadhalika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, msafi, hakuazima kalamu ya mtu bila kuirudisha, na alimpenda mama yake kuliko kamusi, ingawa kamusi ndiyo aliyoifunga kwa nailoni. Tatizo lake ni kwamba alipokuwa darasa la saba, mwalimu alimpa zawadi mbele ya shule nzima kwa insha ambayo mwalimu mwenyewe hakuimaliza. Tangu siku hiyo mtoto wa watu hakupona.

Alikaa ghorofa ya nne katika jengo mojawapo la shirika, yeye, mkewe fundi cherehani, watoto wawili na mama yake. Shoga wa mama alikaa chini kabisa, mlango wa kwanza kushoto. Wote walimwita Mkunga, kwa kuwa alizalisha nusu ya watu wa mtaa ule kabla ya kustaafu, na hakusahau kuwakumbusha. Kwa miaka kumi na moja vikongwe hao wawili walikaa kila alasiri kwenye benchi la saruji karibu na lango, wakichambua mboga na tabia za watu. Magoti ya Mkunga hayakuweza kupanda ngazi hata moja. Kwa hiyo mama ndiye aliyeshuka, pole pole, ameshika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

Siku moja reli ilikatika kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Kipande kirefu kama mtu mzima kiling'oka, watoto wakakifanya farasi, na mama, aliyezoea kushika bila kutazama, akashika hewa. Aliteleza vidato vinne. Hakuvunjika, lakini alichubuka mkono na kupoteza kiatu kimoja, na moyo wake ukaingiwa na hofu ambayo haikutoka tena. "Mimi pale sipiti mpaka kuwe na kitu cha kushika," alisema. Mwanawe alijitolea kumbeba mgongoni. Mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Mimi gunia?"

Wapangaji walikutana uani. Mwenyekiti wao, kinyozi mwenye haraka ya maisha, alisema iandikwe barua kwa shirika, na macho yote yakamgeukia Kadhalika. Kinyozi angetia sahihi kwa niaba ya jengo; Kadhalika angeandika tu. Alikubali akiwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku moyoni sherehe imeshaanza.

Mkewe alikuwa anatia uzi kwenye sindano alipopata habari hizo. "Baba nanihii," alisema, "fundi mkuu wa shirika si yule mnayepakana naye milango ofisini?"

"Ndiye."

"Mnakunywa naye chai?"

"Kila siku saa nne."

"Basi kesho ukinywa chai mwambie reli imekatika."

Kadhalika alicheka kwa huruma. "Mke wangu, kazi za ofisi hazifanywi kwa mdomo. Nikimwambia kwa mdomo atanisikia yeye peke yake. Nikiandika, shirika zima litanisikia."

"Mimi sitaki shirika zima lisikie. Nataka mama ashuke."

Lakini maneno hayo yalipita sikio hili yakatokea lile. Kwa wiki mbili Kadhalika aliandika. Alianza na ukurasa mzima wa kulishukuru shirika kwa kuwepo kwake, maana adabu ni kutanguliza shukrani. Ukurasa wa pili ulieleza umuhimu wa ngazi katika historia ya binadamu. Ukurasa wa tatu uligusia, kwa mbali na kwa heshima kubwa, hali ya baadhi ya vitu fulani. Nukta ilikuwa moja, mwisho kabisa, na hiyo iliwekwa na mpiga chapa kwa kuionea huruma karatasi.

Kabla ya kuipeleka, alimsomea mama yake. Mama alisikiliza amekunja mikono mapajani, akitikisa kichwa kwa fahari kila mwanawe alipopandisha sauti. Kusoma alijua, lakini Kiingereza hakukijua.

"Nzuri sana, mwanangu," alisema ilipokwisha. "Inasema nini?"

"Inasema kila kitu, Mama."

"Haya. Maadamu na reli imo."

Barua iliingia masjala, ikapigwa muhuri, ikafika kwa mkurugenzi wa wakati huo, mzee aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu. Alisoma mistari sita ya kwanza, akaona anashukuriwa, akafurahi. Akaagiza iwekwe kwenye jalada la Shukrani na Pongezi, na nakala apelekewe fundi mkuu ili naye ajisikie vizuri. Fundi mkuu aliisoma mara mbili, akaelewa kwamba kuna watu mahali wanazipenda ngazi zao. Akaibandika karakanani.

Ikapita miezi. Mganga hajigangi. Mtu aliyekuwa akitunga majibu ya barua zote za shirika zima alikaa akisubiri jibu la barua yake, na kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa fundi mkuu, saa nne wakanywa chai, wakazungumza mpira, wakaachana. Reli hakuitaja. Kusema kungekuwa kukiri kwamba kurasa tatu zile zimeshindwa na sentensi moja ya mdomo. Mwezi wa tano wa kusubiri aliandika barua ya kukumbushia. Ilikuwa na kurasa nne.

Kule nyumbani, mama na Mkunga walianza kuzungumza kwa kupigiana kelele kwenye tundu la ngazi, mmoja juu, mwingine chini. Siri za mtaa mzima zilipanda na kushuka mbele ya milango ya watu. Mpangaji wa ghorofa ya pili alisikia habari za mchumba wake hivyo hivyo, akiwa anapiga mswaki. Watu walicheka, lakini mama hakucheka sana. Alikonda. Alasiri alisimama dirishani akitazama utosi wa shoga yake kwenye benchi, amekaa upande mmoja, upande wa pili kaacha wazi.

Mwezi wa nane wa kusubiri, Mkunga alipaza sauti kutoka chini: mwanawe wa kiume anakuja kumchukua, akaishi naye mji wa mbali, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jioni hiyo mama alimwita mwanawe, akamkalisha. "Sikiliza, baba. Yule mtu mimi nimemzoea kuliko ndugu. Akienda huko harudi, na mimi huko sifiki. Nataka nimshike mkono kabla hajaondoka. Barua yako imefika wapi?"

"Iko kwenye utaratibu, Mama."

"Utaratibu una miguu?"

Kadhalika alijiweka sawa tai, akaomba ruhusa akalale. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hapo ndipo alipokuja mkurugenzi mpya. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na siku ya tatu alileta sheria ambayo ilitaka kuua watu. Barua yoyote ya shirika, kabla ya kutiwa sahihi, mwandishi wake aje asimame mbele yake na kuisoma kwa sauti. Kwenye koma ruhusa kutua kidogo. Kuvuta pumzi ni kwenye nukta tu. Asiyefika kwenye nukta akiwa hai, akaandike upya. Wiki ya kwanza mhasibu alikohoa mpaka akaletewa maji. Wakamwita Bi Pumzi, kwa kunong'ona.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku mbili Mkunga aondoke, Bi Pumzi aliitisha kikao cha wakuu wa vitengo. Mbele yake alikuwa na jalada la Shukrani na Pongezi, kubwa kuliko majalada yote. Alilifungua, akatoa karatasi tatu zilizobanwa pamoja.

"Nani ameandika hii?"

Sahihi ilikuwa ya kinyozi, lakini Kadhalika hangeweza kumwachia kinyozi utukufu. Alisimama. "Ni mimi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Kwa niaba ya wapangaji." Hata katika wasiwasi wake alijisikia raha. Hatimaye, alifikiri, amekuja mtu anayejua kusoma.

"Tusomee, mzee wangu. Sheria unaijua."

Kadhalika alivaa miwani, akavuta pumzi iliyojaza mbavu, akaanza. Mistari mitano ya mwanzo ilikwenda kwa madaha. Kwenye mstari wa nane sauti ikawa nyembamba. Kwenye wa kumi mishipa ya shingo ikasimama, macho yakaanza kuitafuta nukta chini ya ukurasa, hakuna. Akageuza ukurasa akisoma, hakuna. Koma zilikuwepo kama mchwa, lakini koma haikuruhusiwa kumwokoa. Alifika kwenye nuktamkato yake ya kwanza, alama ya waungwana, akamtazama Bi Pumzi kwa macho ya kuomba. Bi Pumzi akatikisa kichwa: hapana. Kadhalika alishika ukingo wa meza. Mpiga chapa, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, alisimama na kiti tayari. Kadhalika alikiangukia kama mzigo, akihema, miwani imeteleza hadi puani.

Watu walibana vicheko mpaka wakatokwa na machozi.

"Pumzika," Bi Pumzi alisema. Hakuwa anacheka. "Sasa nisaidie jambo moja. Barua hii inaomba nini?"

"Imo humu, Mheshimiwa."

"Nionyeshe kwa kidole."

Kadhalika aliinamia kurasa zake. Alitafuta ukurasa wa tatu, alipokumbuka ameiweka reli. Akakuta heshima, akakuta baadhi ya vitu fulani, akakuta matumaini yasiyotikisika. Akarudi ukurasa wa pili. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikapanda, kikashuka tena. Jasho lilimdondoka likachafua neno alilolitafuta siku mbili nzima kwenye kamusi. Reli haikuwemo. Kwa kuogopa kuitaja kwa jina lake la kawaida, jina dogo lisilo na hadhi, alikuwa ameizunguka kurasa tatu bila kuigusa.

"Mimi nilidhani tunapongezwa," fundi mkuu alisema taratibu. "Nimeibandika karakanani."

"Mzee wangu," Bi Pumzi alisema, "weka karatasi chini. Niambie kwa mdomo. Shida ni nini?"

Na Kadhalika, aliyekuwa hajawahi kusema ombi la ofisi kwa lugha aliyozaliwa nayo, alisema hivi: "Reli ya ngazi imekatika jengo letu. Mama yangu hajashuka miezi minane. Shoga yake anaondoka keshokutwa."

Hakuna aliyecheka tena.

"Miezi minane!" Fundi mkuu alimgeukia. "Wewe, tunakunywa chai wote kila siku! Si ungeniambia tu? Hiyo kazi ya siku mbili!"

"Andika hivyo hivyo ulivyosema," Bi Pumzi alisema. "Kwa Kiingereza, kama ndivyo mnavyotaka kuteseka. Lakini hivyo hivyo."

Alipewa karatasi tupu palepale. Sentensi tatu fupi zilimchukua dakika ishirini, na kila nukta aliiweka kama anayefunga mlango na funguo ziko ndani. Alipomaliza aliisoma kwa sauti. Pumzi ilimtosha, ikabaki. Bi Pumzi akatia sahihi, na fundi mkuu akatoka nayo mkononi.

Ijumaa mafundi walikuja kupima. Jumamosi asubuhi walirudi na bomba jipya na mashine ya kuchomelea, wakafunga ngazi kwa ubao wa mbao: hakuna kupita mpaka kazi iishe, chuma ni cha moto. Saa tano kamili gari la mwanawe Mkunga likasimama langoni.

Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri. Alisimama ghorofa ya nne, Mkunga akasimama chini, na kati yao mashine ikanguruma na kutema cheche. Kadhalika aliwasihi mafundi wazime kidogo. Wakazima, lakini ubao hawakuondoa.

"Umekula?" mama alipaza sauti.

"Nimekula! Na wewe?"

"Nimekula!"

Honi ikalia nje. "Haya basi, shoga!" Mkunga aliita, na mlango wa chini ukafungwa. Mashine ikawashwa tena.

Kazi ilikwisha saa tisa. Saa kumi, chuma kilipopoa, mama alishuka. Alishika reli mpya kwa mikono miwili, akapita pale palipokuwa hewa, hakusita. Kadhalika alimfuata nyuma akiwa na hotuba nzima ya kuomba radhi, yenye utangulizi. Mama alipita mlango wa kwanza kushoto bila kuutazama, akaenda kukaa kwenye benchi, upande wake uleule. Upande wa pili akauacha wazi.

"Mama," Kadhalika alisema, "nitamwandikia barua."

"Mwandikie. Mwambie nimeshuka."

"Na nini kingine?"

"Nimeshuka. Basi."

Alikimbia juu akaleta karatasi, akaketi chini kando ya benchi, karatasi juu ya goti. Akaandika kwa Kiswahili: Nimeshuka. Akalitazama neno lile. Lilikuwa peke yake kwenye ukurasa mweupe, dogo, halina hata wa kulishika mkono. Moyo wake haukuvumilia. Nukta akaigeuza koma, akaongeza neno aidha, na baada ya aidha mkono ukapata njia yake ya siku zote, ukateremka na ukurasa mpaka karibu na mwisho.

Mama alinyoosha mkono, akapokea karatasi, akatoa miwani yake mfukoni. Alisoma neno la kwanza. Akamwomba kalamu. Kuanzia kwenye aidha kwenda chini akakata yote, mstari kwa mstari, bila haraka, kama anayetoa wadudu kwenye mboga. Kisha akaenda kwenye ile koma, akaikandamiza kwa ncha ya kalamu mpaka ikawa nukta, nyeusi na nene, na karatasi ikatoboka kidogo.

"Hii ndiyo barua," alisema, akimrudishia. "Nenda kaiposti sasa hivi, kabla hujaipandisha."